Umehamia Dodoma na Unatafuta Shule ya Kufundisha? Msikilize Dada Yako

Wiki iliyopita mwalimu mmoja aliniandikia kutoka Sumbawanga. Mumewe kahamishiwa Dodoma, yeye ana shahada ya ualimu, masomo ya Kiswahili na Historia, na anauliza aanzie wapi. Dada, mimi nilitoka Songea na masomo hayohayo, nikimfuata mume aliyehamishwa na wizara yake.

Mji ulikuwa unajaa. Serikali ilitangaza kuhamia huku mwaka 2016, mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, watumishi wakaja na watoto wao, na shule za binafsi zikaongezeka. Nilizunguka Kisasa, Ilazo hadi Nzuguni na bahasha ya vyeti. Mlinzi anaipokea, anaiweka juu ya nyingine, anasema, "Utapigiwa." Ukiulizwa somo ukajibu Historia, mazungumzo yameishia hapo. Wanataka Fizikia na Hesabu.

Shule moja ikanichukua kwa kujitolea. Nilifundisha muhula mzima kwa nauli yangu, nikashika zamu, nikasahihisha madaftari hadi usiku. Muhula ulipoisha wakamwajiri ndugu wa meneja kwa vipindi vyangu vilevile. Mpaka leo daladala ikipita pale moyo unanichoma, na sijasahau. Walimu wenzangu, jasho lenu lina bei! Kama ni kujitolea, tarehe ya mwisho iandikwe na nauli mpewe.

Mlango ulifunguliwa na mwalimu wa taaluma wa shule nyingine. Huyo ndiye wa kumuulizia getini, kwa sababu ratiba anaipanga yeye na pengo analiona kabla ya mtu yeyote. Nenda mwishoni mwa Novemba au Mei, walimu wanapoaga. Mimi nilikuta wa Historia ameondoka. Nikapewa chaki na dakika 40 za somo la majaribio, kidato cha tatu, mada Vita vya Majimaji. Nilichora ramani ubaoni kutoka Kilwa hadi Songea, nikawasimulia Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na kwamba mji wangu unaitwa kwa jina lake. Watoto walikaa kimya, kisha mikono ikanyooka darasa zima. Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni. Niliitwa ofisini siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, dada, somo la majaribio liandae kabla hujaitwa, lile unaloweza kulifundisha hata ukiamshwa usingizini. Na usikubali mtu akwambie Historia haina soko. Tangu Januari 2024 Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kidato cha kwanza kwenye mtaala mpya, kwa Kiswahili, na wewe masomo yote mawili unayo. Mimi leo ndiye mkuu wa idara, na wanaokuja kujaribiwa nawakalisha mimi.

Ukipata, omba mkataba wa maandishi kabla ya kuingia darasani, usome mshahara wa likizo ukoje, na baada ya miezi miwili ucheki kama michango yako ya pensheni inaingia NSSF. Wapo wanaokukata na hawapeleki.

Ajira za serikali nazo omba, tangazo likitoka kwenye Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi serikalini, usiliache likupite. Ila siku hizi walimu nao wanafanyiwa usaili na foleni ni ndefu, kwa hiyo omba huku unafundisha. Ukifika Dodoma niandikie, nikuelekeze shule za upande utakaopanga.