Samaki wa baruti: kumuuza ni halali?

SWALI: Asalaam aleykum shekhe. Mimi mjane niko Tanga, nakaanga samaki nasomesha watoto. Kuna siku nanunua wa baruti, wale wanaovuliwa kwa kulipua baharini, maana bei yao chini. Wavuvi wanasema cha bahari chote halali hata ukikitoa vipi. Je napata dhambi?

JIBU: Waaleykum salaam dada yangu. Wewe hata kuuliza tu ni dalili ya imani, wanaonikera ni hao wanaokuvisha aya kichwani ili mzigo wao utoke.

Ni kweli Suratul Maida aya ya 96 imehalalisha mawindo ya bahari, na Mtume s.a.w. kasema maji yake ni tohara na maiti yake halali. Kwa hiyo samaki mwenyewe si haramu kumla. Ila jamani, halali ya nyama na halali ya njia ni vitu viwili! Kuku wa wizi ukimchinja kwa bismillahi wizi unafutika? Mtu anajaza mbolea na dizeli kwenye chupa anatia utambi anarusha, changu na tasi wanapasuka matumbo, vifaranga hata mayai vinakwenda, wengi wanazama chini hawaokotwi na mtu, na tumbawe lililokua miaka na miaka linabaki kifusi. Huo ndo ufisadi uliokatazwa kwenye A'raf 56, msifanye uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa, na Rum 30:41 imeitaja bahari kwa jina lake kabisa. Halafu mvuvi wa mshipi na madema, ile mitego ya kusuka, anarudi kapu tupu, na Mtume kasema hapana kudhuru wala kudhuriana. Sheria ya Uvuvi ya 2003 nayo imekataza, msiseme ni maneno ya mashekhe tu.

Sasa wewe. Ukijua kabisa ni wa baruti ukanunua, unawasaidia kwenye dhambi, Maida aya ya 2 hiyo. Usipojua huna lawama, ila usijifanye hujui: mshike samaki, akilegea uti umevunjika na ndani damu imevilia, huyo mwache. Najua tofauti ya bei ndo ada ya mtoto, sikudharau. Jaribuni kina mama wawili watatu mchange mchukue tenga zima kwa mtu wa madema, bei itashuka kidogo. Na imamu wa mtaa wako mwambie mjane ana haki kwenye zaka akiwa hana cha kumtosha, usione haya.

Waliopo kwenye friji leo kaanga uza, kuwatupa ni israfu nyingine. Mzigo ujao ndo uanze.