Kiini kinagawa, kinagawanya au kinapasua ukurasa?

Swali: Ninaandika mwongozo wa Kiswahili kuhusu kiini cha Linux (kernel, sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia kumbukumbu na vifaa), na nimefika pale kiini kinapochukua ukurasa mkubwa, yaani kipande kikubwa cha kumbukumbu, na kuufanya kurasa ndogondogo. Niliandika "kiini kinagawa kurasa makubwa". Mwenzangu mmoja amesahihisha "kinapasua", mwingine anashikilia "kinavunja". Nifuate lipi?

Jibu: Kwanza tuondoe "makubwa". Ukurasa uko katika ngeli ya U-ZI: ukurasa mkubwa umejaa, kurasa kubwa zimejaa. Wingi wake haupokei ma- hata kidogo.

Sasa kitenzi. Kugawa na kugawanya ni ndugu wa shina moja, na katika mazungumzo watu huvibadilishana bila tabu. Kamusi nazo hazimkatazi anayesema "gawa" akimaanisha kutenga sehemu. Lakini maana inayotangulia masikioni ukisikia "mwalimu anagawa vitabu" ni kwamba kila mwanafunzi anapewa chake, na vitabu vyenyewe vinabaki vizima. Kugawanya ni kukifanya kitu kimoja kuwa sehemu kadhaa, awepo wa kupewa au asiwepo.

Katika mwongozo wako tofauti hii ni ya lazima, kwa sababu kiini hufanya yote mawili. Kutwa nzima kinagawa kurasa: programu inaomba kumbukumbu, inapewa. Kwa hiyo "kiini kinagawa kurasa kubwa" ni sentensi sahihi yenye habari ya kweli, ila si habari uliyokusudia. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Kosa la wazi msomaji hulishtukia na kurudi nyuma; hili atalipita akidhani ameelewa.

Kupasua na kuvunja nimevikataa kwa sababu ya kinachotokea ndani ya mashine. Kwenye prosesa za x86 za biti 64, ukurasa wa kawaida ni kilobaiti 4 na ukurasa mkubwa ni megabaiti 2, yaani kurasa 512 za kawaida zilizopangana bega kwa bega. Faida ya kuwa na ukurasa mkubwa ni kwamba prosesa huweka tafsiri za anwani (anwani ambayo programu inaitumia iko wapi hasa katika kumbukumbu) katika akiba ndogo sana iliyo karibu nayo, na tafsiri moja ya ukurasa mkubwa huziba nafasi ya tafsiri 512. Ukurasa huo ukigawanywa, data iliyomo haihami. Hakuna baiti inayonakiliwa wala kupotea. Kinachobadilika ni namna kiini na prosesa wanavyouhesabu. Mtu akisoma "ukurasa umevunjika" atadhani kumetokea hitilafu, na "umepasuliwa" kunampa picha ya nguvu na mpasuko ambao haupo. "Kumega" nako hakufai, maana anayemega hutoa kipande na kuacha kitu kikubwa mahali pake. Hapa kitu kikubwa hakibaki.

Andika kugawanya, basi. Lakini usiishie hapo, kwa kuwa kuna vitu viwili vinavyogawanywa, na wengi huviandika kana kwamba ni kimoja.

Chukua programu inayorudisha kwa kiini kilobaiti 4 tu zilizo katikati ya ukurasa mkubwa. Katika jedwali la kurasa la programu hiyo, yaani ramani ambamo tafsiri za anwani zake zimeandikwa, ukurasa wote ulikuwa na ingizo moja. Kiini kinaliondoa na kuweka mahali pake jedwali dogo lenye maingizo 512, kisha kinafuta lile moja lisilohitajika tena, yanabaki 511. Hapo kilichogawanywa ni ramani. Ukurasa wenyewe, katika hesabu za kiini, bado ni mmoja na ni mzima, na zile kilobaiti 4 bado zimefungiwa ndani yake. Unawekwa kwenye foleni, na kumbukumbu ikianza kuwa finyu ndipo kiini kinajaribu kuugawanya kwelikweli. Linux imekuwa ikitenganisha hatua hizi mbili tangu toleo la 4.5 la mwaka 2016. Kabla ya hapo, kugawanya ramani kulilazimisha kugawanya na ukurasa. Kwa hiyo uandike "kugawanya ramani" na "kugawanya ukurasa", na usichoke kurudia nomino hata pale unapoona imeeleweka. Sentensi kama "ramani imegawanywa lakini ukurasa haujagawanywa" inasomeka vizuri na haiachi shaka.

Nimetumia "imegawanywa" kwa makusudi. Kauli ya kutendwa ina mtendaji nyuma yake, naye ni kiini. "Umegawanyika" hueleza hali tu, kama vile ukurasa umejifikia hapo wenyewe. Ila kauli hiyo ya kutendeka ina kazi nyingine nzuri katika ukanushi: kuna wakati kifaa kinasoma au kuandika moja kwa moja ndani ya ukurasa, na kiini kikijaribu kuugawanya kinashindwa kwa sababu umeshikiliwa. Hapo sema "ukurasa haugawanyiki kwa sasa". Neno moja linabeba jaribio pamoja na kizuizi chake.

Neno linalofuata kitenzi nalo lina uzito. "Kugawanya kwa 512" ni hesabu, na jibu lake ni namba. Unapotaja sehemu zinazopatikana, andika "katika kurasa 512" au "kuwa kurasa ndogo 512".

Jihadhari pia na "kugawana". Programu mbili zikitumia ukurasa uleule, usiseme zinaugawana, kwa sababu wanaogawana kila mmoja huondoka na fungu lake. Sema zinautumia kwa pamoja.

Bila shaka utafika kwenye kazi ya kinyume, na huko kuna mtego mwingine: usidhani "kuunganisha" kunatosha. Linux ikitaka kupata ukurasa mkubwa kutokana na kurasa ndogo, kwa kawaida kurasa hizo zimetawanyika huku na huku katika kumbukumbu. Inatenga ukurasa mkubwa mpya, inanakili yaliyomo yote humo, kisha inaziachilia zile za zamani. Kugawanya hakukuhamisha kitu. Huku kila kitu kinahama. Mimi ningeandika "kukusanya kurasa ndogo katika ukurasa mmoja mkubwa", kwa sababu anayekusanya huviendea vitu vilipo na kuvileta pamoja. Sentensi yako ya mwanzo nayo ningeiandika hivi: "Kiini hugawanya ukurasa mkubwa wa megabaiti 2 kuwa kurasa ndogo 512 za kilobaiti 4 kila mmoja."