Si lazima urudi chuo
Mdogo wangu, umeuliza kama mwandika programu aliyeko Mbeya lazima asomee baiolojia kwanza ndipo aunde zana za kuchambua DNA. Hapana. Jua Python na Linux vizuri, kisha andika kisomaji cha faili la FASTQ, yaani faili la herufi za DNA zilizosomwa na mashine: kila kipande cha DNA kina mistari 4. Soma kipande kimoja kimoja. Ukipakia faili zima, RAM inajaa. Chunga sana hesabu ya nafasi kwenye faili zinazoonyesha jeni zilipo kwenye DNA: BED huanzia 0, GFF huanzia 1. Ukichanganya, mwanzo wa kila jeni unahama herufi moja na hupati onyo lolote. Halafu viazi mviringo, zao letu hili, vina seti 4 za kromosomu. GATK, programu ya kutafuta tofauti kwenye DNA, hudhani ni 2 usipoiambia vingine, kwa hiyo weka 4 mwenyewe.