Je, kila "take" ni kuchukua?

SWALI: Nafundisha Kiswahili kidato cha pili, Tanga. Nilitoa insha ya safari, na mwanafunzi mmoja akaandika hivi: "Nilichukua basi la saa kumi na mbili asubuhi. Nilipofika, baba alinichukua kituoni. Kesho yake nilichukua mtihani, kisha tukachukua picha, na mkuu wa shule akachukua nafasi hiyo kutupongeza." Nikapiga mstari mwekundu chini ya kila kuchukua, pembeni nikaandika: "Hiki ni Kiingereza." Mwenzangu wa ofisini akacheka sana. Akanikumbusha kwamba juzi tu kwenye kikao nilidai uongozi "uchukue hatua" kuhusu vyoo. Je, matumizi yote haya ya kuchukua tumeyaazima kwenye Kiingereza? Na huyu mtoto nimkate alama ngapi?

JIBU: Mwalimu, salaam. Mwenzako kakushika pabaya, lakini nawe hukukosea kwa yote. Wino wako mwekundu umepita juu ya mambo matatu tofauti kana kwamba ni jambo moja.

Tuanze na huyo mshukiwa mwenyewe. Kitenzi "take" ni hamali wa Kiingereza. Mzigo wowote anatwishwa. Kwa kitenzi hicho kimoja, mara nyingine akikiongezea neno dogo nyuma, Mwingereza hupiga picha, hupanda basi, hunywa dawa, hufanya mtihani, huketi, huoga, hula kiapo, humpeleka mtoto hospitali, huvua koti, na ndege yake hupaa. Hesabu vitenzi vilivyopita hapo: kwetu kumi, kwake kimoja. Si kwamba lugha yake ni maskini. Kila lugha ina mahamali wake. Sisi tunaye kupiga, ambaye hupiga simu, pasi, deki, kura, chafya na magoti, na mgeni anayejifunza Kiswahili hushangaa jinsi tunavyovipiga vitu visivyo na kosa.

Tena "take" naye si mwenyeji wa Kiingereza. Waingereza wa kale walikuwa na kitenzi chao, "niman", ndugu wa "nehmen" ya Kijerumani. Watu wa Skandinavia waliovuka bahari na kufanya makazi Uingereza wakaja na "taka" yao, na pole pole mgeni akamtoa mwenyeji. Masalio ya "niman" yamejificha katika neno "numb", yaani aliyeshikwa na ganzi. Nasi, bila kufundishwa na mtu, husema ganzi humshika mtu.

Nimekupeleka huko mbali kwa sababu kisa kama hicho kimepita hata kwetu. Kuchukua, kwa asili yake, ni kubeba: mzigo uko kichwani, begani au mkononi, na mtu anakwenda nao. Ndiyo maana mbebaji mizigo anaitwa mchukuzi, na wizara inayoshughulikia bandari na reli ikaitwa ya Uchukuzi. Mtu wa Mombasa anayesema kwa lahaja yake husema "tukua", na maana ni ileile. Ukiisoma Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, utaambiwa bikira "atachukua mimba", na waumini wanaambiwa "mchukuliane mizigo". Hakuna anayenyakua kitu hapo. Wote wanabeba.

Kutoka kwenye kubeba huko Kiswahili kilijizalia maana nyingine chenyewe. Chombo huchukua kiasi fulani: Hiace hii inachukua abiria kumi na wanne, ingawa konda ana hesabu yake. Vitu huchukuana, yaani hupatana: kanga na blauzi hiyo havichukuani. Nguo humchukua mtu, yaani humkaa vizuri. Mtoto huchukua sura ya bibi yake. Mtu huchukuliwa na maji. Na katika siasa za Tanzania, kuchukua fomu kulianza kama tendo la kwenda ofisini na kutoka na karatasi mkononi, sasa ni namna ya kusema mtu ametangaza nia ya kugombea. Ukisikia "fulani kachukua fomu" huulizi fomu ya nini. Hayo yote hayakungoja ruhusa ya Mwingereza.

Sasa, kile kitendo cha kukifanya kitu kiwe chako, kukitia mkononi mwako kutoka mahali kilipokuwa, kilikuwa na kitenzi chake: kutwaa. "Twaeni, mle" ni maneno ya Karamu ya Mwisho katika tafsiri hiyohiyo. Kitenzi hicho leo kimebaki na vijiwe vichache. Ukurasa wa michezo bado unakipenda, maana timu hutwaa ubingwa na kutwaa kombe. Watu wa ardhi nao wanakijua, serikali inapotwaa eneo ili ipitishe barabara. Visiwani utamsikia mama akimpa mtoto kitu akamwambia "haya, twaa". Kwingine tunasema "chukua" au "shika". Ukivuka kwenda Bukavu au Lubumbashi, huko Kongo, utapewa kitu na kuambiwa "kamata", na mtu wa Dar es Salaam anaweza kugeuka kutazama kama polisi wamefika. Kwa ufupi, twaa amerudi nyuma, na chukua amekalia viti viwili, cha kubeba na cha kutwaa.

Nadhani mkorogo ulianzia hapo, darasani. Daftari la kila mtoto wa shule lina safu mbili za maneno, na katika safu hizo "take" imeandikwa mbele yake "chukua". Mtoto amekariri. Akija kuandika Kiswahili huku kichwa kikiwaza kwa lugha ya vitabu vyake vya sayansi na jiografia, kila "take" inayompitia inavishwa shati la kuchukua na kutumwa sokoni. Wataalamu huita hiyo tafsiri sisisi. Mimi huiita uvivu, lakini nami siku nyingine huamka mvivu.

Kipimo changu ni swali moja: maneno hayo tayari yana maana gani kwa Kiswahili? Yakiwa na maana nyingine iliyo hai, tafsiri sisisi inaharibu, maana msikilizaji atasikia kitu usichokisema. Picha ni mfano mzuri. "Tulichukua picha" ni sentensi safi kabisa. Maana yake tulizikuta picha mezani, au studio, tukaondoka nazo. Walioshika kamera walipiga picha. Mtihani vilevile. Mtu "aliyechukua mtihani" ameondoka na karatasi, na kwa mwaka wa mtihani wa taifa hilo ni jambo la kumwita polisi. Watahiniwa hufanya mtihani. (Kenya nasikia watangazaji wakisema watahiniwa "wamekalia mtihani". Maskini karatasi.)

Kiti nacho kina hadithi. Shangazi yangu, mtu wa Pangani, alikwenda ofisi moja kufuatilia mafao ya marehemu mumewe. Binti wa mapokezi, kwa adabu zote, akamwambia: "Mama, chukua kiti." Shangazi akakitazama kiti, akamtazama binti, akauliza: "Nikipeleke wapi, mwanangu?" Binti alikuwa anamkaribisha. Kwetu mgeni huambiwa "karibu kiti", "karibu ukae", au "keti mama", na akishaambiwa hivyo hana haja ya kuuliza.

Lakini mfano ambao sichekei ni wa dawa. Kwa Kiswahili dawa hunywewa, hata kama ni kidonge, au humezwa, au hutumiwa. Kuchukua dawa ni kwenda dirishani na kupewa. Mtu anayetumia dawa za kudumu, za shinikizo la damu au za kisukari, kila mara ana siku yake ya kuchukua dawa, na kila siku ana saa yake ya kunywa dawa. Sasa chukua fomu ya maswali iliyotafsiriwa neno kwa neno, imeandikwa: "Je, wiki hii umechukua dawa zako?" Mzee anajibu ndiyo, na hasemi uongo, kwani mfuko upo nyumbani nyuma ya mlango, umefungwa vilevile alivyoufunga mfamasia. Daktari anaandika kwamba mgonjwa anatumia dawa vizuri ila presha haishuki, na huenda akamwongezea kipimo cha dawa. Hapo kosa la lugha limetoka kwenye daftari limeingia mwilini mwa mtu.

(Naona nimeandika "chukua fomu ya maswali" nikiwa na maana ya "tuseme kuna fomu". Matumizi hayo nayo ni ya hivi karibuni, na sitayafuta, ili ujue ugonjwa huu unaambukiza. Kiswahili kilikuwa na "chukulia" kwa kazi hiyo: chukulia kwamba mzee ana fomu.)

Basi, je, hatua za vyoo? Hapo nakutetea, mwalimu. "Kuchukua hatua" kwa sura yake ni tafsiri sisisi, sina shaka. Ila angalia ilichotufanyia. Kiswahili kilikuwa na kupiga hatua, ambako ni kutembea na, kwa mafumbo, kuendelea. "Shule imepiga hatua katika usafi" ni sifa. "Shule imechukua hatua kuhusu usafi" ni habari kwamba kuna jambo limefanywa, pengine kuna mtu kaandikiwa barua. Maneno hayo hayagombani, yamegawana kazi. Tafsiri sisisi ikija ikakuta nyumba ina chumba kitupu, ikakaa bila kumfukuza mtu, mimi siiandikii hati ya kuhama. Ndivyo nionavyo pia "safari ilichukua siku tatu": iwe imetoka Ulaya au imekua yenyewe kutokana na chombo kuchukua abiria, imekaa vizuri, na hakuna anayeielewa vingine. Kuchukua mkopo nako sina ugomvi nako. Kukopa ni kwa jirani hata sukari kikombe. Mkopo huchukuliwa kwa mkataba, na dhamana juu.

"Kuchukua tahadhari" napita nayo haraka. Kila msimu wa mvua wananchi huambiwa wachukue tahadhari, na tahadhari yenyewe tayari ni kitenzi. "Tahadharini" lingetosha, lingekuwa fupi na lenye makali zaidi. Lakini vita hivyo vilishapita, nami sikushinda.

Pale ambapo sijasalimu amri ni kwenye ile "nafasi". Hakuna harusi wala mahafali ninayohudhuria bila mtu kusimama na kipaza sauti na kusema, "Awali ya yote, ningependa kuchukua nafasi hii..." Anaipeleka wapi? Kuchukua nafasi ya mtu ni kumrithi au kumbadili: mchezaji kaumia, mwenzake kachukua nafasi yake. Mkuu wa shule aliyechukua nafasi ili apongeze hana aliyemwondoa. Aseme "nitumie nafasi hii", au, kama ana huruma na wanaosubiri pilau, aseme tu "nawapongeza" na kuketi. Na wale wanaoandika kwamba mkutano "utachukua nafasi Jumamosi" wamefika mwisho wa reli. Mkutano hufanyika.

Limebaki basi la asubuhi. Mtaani husema "nilichukua boda" au "tulichukua teksi", na nasikia humo maana ya kukodi, ya kukifanya chombo kiwe chako kwa safari ile. Kwenye mazungumzo siigusi. Lakini basi la abiria sitini halikodiwi na mtoto wa kidato cha pili, na ukiandika polisi kwamba kijana fulani "alichukua pikipiki" utakuwa umemfungulia kesi. Kwenye insha: alipanda basi.

Kwa hiyo kwa mtihani, picha na nafasi, mkate alama kwa moyo mkunjufu. Kwa basi, mwandikie "alipanda" pembeni lakini alama mwachie, maana kajifunzia kwa watu wazima. Na yale maneno uliyoyaandika pembeni, kwamba hiki ni Kiingereza, yafute katika sentensi ya pili. Baba alikwenda kituoni, akamkuta mwanawe, akaondoka naye, na bila shaka na begi lake begani. Huko ni kuchukua kwa maana zake zote mbili. Mrudishie alama yake.