Jibu: Siku moja Amritsar inatosha?

Mkuu, umeuliza kama siku moja inatosha Amritsar, India, kwa Hekalu la Dhahabu la Masingasinga na gwaride la mpaka wa India na Pakistan. Lala japo usiku mmoja, maana hekalu ni la kuonwa alfajiri, dhahabu ikimulika kwenye maji ya bwawa na foleni ya kwenye daraja la kuingilia hekaluni ikiwa bado fupi.

Funika kichwa, uwe mwanamume au mwanamke. Viatu unaviacha kaunta, unapewa kibati chenye namba, kisha unapita kwenye kijito cha kuoshea miguu. Tumbaku na pombe usiingie nazo kabisa. Zunguka bwawa likiwa mkono wako wa kulia. Ndani ya hekalu lenyewe hakuna kupiga picha. Usikose langar, chakula cha bure kwa kila mtu: kaa chini, chapati ipokee kwa mikono miwili, na usiombe usichoweza kumaliza.

Jallianwala Bagh, bustani ambapo wanajeshi wa Uingereza waliua watu kwa risasi tarehe 13 Aprili 1919, ni jirani tu. Matundu ya risasi bado yapo ukutani.

Attari, mpakani kwenye lile gwaride, ni kama kilomita 30 kutoka Amritsar. Gwaride hufanyika kabla ya jua kuzama, kwa hiyo saa yake hubadilika kwa msimu. Mabegi hayaruhusiwi, pasipoti iwe mfukoni, si kwenye begi utakalomwachia dereva.