Nikigusa sahani kidogo, wanasema ninawadhania sumu

SWALI

Jambo Mama. Mimi ni mwalimu, miaka 36, niko Kadutu hapa Bukavu, niko na bibi na watoto 3. Tumbo inanisumbua tangu 2019. Inajaa gazi, inakaza kama mtu anakamua nguo, kisha choo mara 4 mara 5 kabla sijafika masomo, nikishatoka chooni maumivu inapungua. Siku zingine ni kinyume, siku 3 siendi kabisa. Labo wanasema amibe, napewa metro (metronidazole), napata nafuu wiki mbili, inarudi, wanasema tifoide, napewa sipro (ciprofloxacin), nimeshachoka kuhesabu. Mwaka jana tukachanga makuta, wakaingiza kamera juu na chini, dokta akasema hakuna kitu, ni kolopati, yaani utumbo unasumbua bila kidonda, rudi nyumbani usiwe na mawazo mingi. Nilitoka pale na haya kama mtu aliyesingizia.

Lakini Mama, sikuandikii juu ya dawa. Mimi zamani nilikuwa mtu wa watu. Wakiwa na ndoa wananiita protokole, yule wa kuongoza sherehe, nachekesha watu paka usiku, na kwenye korale nilikuwa tenori. Korale nimeacha juu repetisyo ni masaa 3 na choo ya parokia iko mbali. Taksi siingii tena, nikifikiria tutakwama kwenye msongamano pale Essence jasho inatoka, basi natembea kwa miguu. Mwezi wa 8 kwenye dote (mahari) ya mdogo wa bibi yangu wakaleta bugali, nyama, maharage na kitunguu mingi, mimi nikagusa kidogo tu. Mama mmoja mkubwa wa upande ule akasema kwa sauti: "Huyu anaogopa tutamupa karuho, sumu?" Watu wote wakacheka. Na nyumbani kwetu nako kaka yangu anasema karuho ninayo tayari, eti mama mdogo wa Kabare aliniwekea kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, siku ya matanga ya baba. Walininywesha dawa ya miti nikatapika usiku muzima. Tangu pale yule mama simsalimii, mwaka wa pili sasa.

Bibi yangu ananiambia siku hizi sikujui. Nami sijijui. Mtu akiniuliza habari yako, najibu habari ya tumbo.

Mwalimu wa Kadutu

JIBU

Jambo mwanangu. Barua yako nimeisoma na kahawa mkononi, ambayo wewe asubuhi ungeiacha kidogo uone, hata kama ni ya Idjwi. Mimi nilifanya uinfirmiye miaka 22 kabla ya kupewa ukurasa huu, na watu wa namna yako nimewapokea wengi, karibu wote wanaingia na bahasha ya ekzame nene kama Biblia na wote wanasema sentensi moja: wameniambia hakuna kitu.

Kolopati ni kitu. Madaktari wana kanuni wanayoita ya Roma, toleo la 4 ni la 2016, inasema hivi: tumbo kuuma angalau siku 1 kwa wiki ndani ya miezi 3, shida iwe imeanza miezi 6 nyuma ao zaidi, na angalau mambo 2 kati ya haya 3: maumivu yaende pamoja na choo, ikiongezeka ao ikipungua ukishaenda, choo kibadilike mara ngapi, choo kibadilike namna gani. Soma barua yako tena, uliandika kama uliikopi pale. Ukuta wa utumbo uko na neva zake, zaidi ya milioni 100, zinaongea na ubongo mchana na usiku. Kwako zinasikia sana. Gazi ambayo mwenzako anapitisha bila kujua, wewe inakukunja. Kamera inatafuta kidonda, sasa redio inayokwaruza ukiipiga picha utaona nini? Sanduku nzima, waya nzima.

Na ile ya "usiwe na mawazo" inanikasirisha, niwe mkweli. Miaka mingi watu wa vidonda vya tumbo waliambiwa hivyo hivyo, ni tabia yako, unajihangaisha, pumzika. Mwaka 1982 kule Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren wakafanikiwa kuotesha bakteria kutoka tumboni mwa watu wale. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall akakunywa bakteria yenyewe, tumbo ikamuvimba, akatapika, na 2005 wakapewa Nobel. Wagonjwa wangapi katikati walikuwa wamekubali kwamba kosa ni roho yao? Kwa kolopati hakuna bakteria moja ya namna hiyo ya kukamata, na mawazo kweli inakaza utumbo, sikudanganyi, na miaka hii tunayoishi hapa Kivu ni tumbo ya nani haijakaza. Lakini kitu kinachochochea moto si kile kilichouwasha, na hakuna mtu anaambiwa usiwe na mawazo halafu mawazo inaondoka.

Sasa hii ya karuho. Sumu haina kalenda ya kusubiri ule maharage ndiyo iamke, halafu ilale ukishaenda choo, miaka na miaka, na kamera isikute alama. Na mwanangu, umesema tumbo ilianza 2019, matanga ya baba ilikuwa lini? Kama ni nyuma ya pale, basi mama mdogo amehukumiwa kwa kitu ulichokuwa nacho kabla hujashika ile kasiksi yake. Hesabu mwenyewe. Dawa ya kutapisha usiirudie, inakukausha maji na haigusi neva hata moja.

Angalia vile imekuwa. Kwa wakwe wewe ni mtu anayeogopa sumu, kwa kaka yako wewe ni mtu aliyekula sumu, kwa dokta wewe ni mtu wa mawazo. Majina tatu, na hakuna hata moja ulilojipa, umeyavaa tu juu ulikuwa umenyamaza. Huku kwetu kukataa chakula ni kusema neno kubwa bila kufungua mdomo, ulijua hivyo hata wewe. Kwa hiyo mdomo ufunguke mbele ya sahani, si nyuma. Sentensi moja: "Niko na kolopati, maharage inanikamata, munipe bugali na samaki." Usieleze choo mara ngapi, watu hawajauliza. Wewe ulikuwa protokole, unajua kusema neno zito watu wakacheka, hiyo kazi haikukaa tumboni.

Korale urudi. Mwambie direkteri unakaa mwisho wa benchi, upande wa mlango, utatoka na kurudi na asikuulize. Nilikuwa na mgonjwa aliyefanya hivyo, aliniambia siku aliyojua mlango uko wazi hakuutumia. Si kila wiki, lakini siku ile.

Chakula, haraka haraka: maharage, kitunguu, kitunguu saumu, mkate wa ngano na maziwa mabichi ndivyo vinaleta gazi mingi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne ndio walipanga orodha yake. Punguza kwa wiki 4 hivi kisha rudisha kimoja kimoja, ujue adui yako ni nani, juu si vyote. Mashanza, maziwa ya kuganda, wengi wanaivumilia kuliko maziwa mabichi. Wali, viazi, sambaza (samaki wadogo wa ziwa), endelea. Usikate kila kitu ukabaki mifupa. Na metro usimeze tena bila mtu kuona amibe kweli, ile nafuu ya wiki mbili kolopati inajitolea hata ukimeza maji matupu. Ukiona damu, ukikonda bila sababu, ukipata homa, ao tumbo ikikuamsha usingizini, hapo rudi hospitali, hiyo ni mambo ingine.

Bibi yako usimuache nje. Anaposema sikujui anakutafuta. Tembeeni pamoja jioni kwa miguu, si umeshazoea.

Kabare kwa mama mdogo uende siku ya posho (Jumamosi). Peleka sukari. Usimtajie karuho, hajui pengine kwamba alihukumiwa, ao anajua na amenyamaza kama wewe. Akielekea jikoni mwambie: "Mama, tumbo yangu haitaki maharage, lakini viazi vyako navitamani." Kisha kaa uvile mbele yake.