Unguja hadi Mwanza kwa gari, peke yako: jinsi ya kuifikia kozi ya silaha ukiwa mzima

Mwanafunzi anayeingia uwanja wa shabaha asubuhi baada ya kuendesha gari usiku kucha ni hatari kwa aliye kulia kwake na aliye kushoto kwake. Mkufunzi hawezi kuuona usingizi ulio ndani ya kichwa cha mtu. Anachokiona ni kidole kimeingia kwenye kifyatulio kabla ya amri, na hapo ameshachelewa. Ndiyo maana ushauri wetu kwa anayetoka visiwani kwenda kozi ya silaha Bara unaanza na gari, barabara na kitanda. Bunduki inafuata baadaye.

Huku kwetu bunduki mikononi mwa raia ni adimu. KMKM, JKU na vikosi vingine vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) vina mafunzo yao wenyewe, na mlinzi wa hoteli ya Nungwi au Paje kwa kawaida hushika rungu na tochi. Anayetumwa na mwajiri wake kwenda kusomea silaha, iwe kwa ulinzi au kwa uhifadhi, mara nyingi ataigusa bunduki kwa mara ya kwanza akiwa hukohuko. Tunachukua mfano wa Mwanza kwa sababu ndiyo njia ndefu, na ndiko kiliko chuo cha Pasiansi ambako askari wanyamapori wamekuwa wakifunzwa tangu miaka ya 1960. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 1,150.

Tuanze na gari, maana magari ya Unguja yana maradhi yao. Gari lililozoea kwenda Mjini na kurudi Mkokotoni halijawahi kukimbia saa nne mfululizo. Rejeta iliyoziba nusu haionyeshi dalili yoyote kwenye safari ya nusu saa, lakini itachemsha maji kwenye mwinuko wa kati ya Bahi na Manyoni. Sababu kubwa ni maji tunayotia. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo hugandia ndani ya mirija ya rejeta kama inavyogandia kwenye birika la chai. Wiki mbili kabla ya safari mwambie fundi aisafishe rejeta, akague mfuniko wake na thamostati, kisha atie kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Baada ya hapo endesha mizunguko mirefu siku mbili tatu ili kama kuna pahali panapovuja pajulikane ukiwa nyumbani.

Tairi nalo hudanganya. Kwa kuwa hatutembei masafa marefu, linabaki na meno mazuri huku mpira wake umekauka kwa jua. Usitazame meno peke yake. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita, au lenye nyufa nyembamba ubavuni, lisiende Bara. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na spea tairi lipimwe pia.

Halafu kuna chumvi ya bahari. Nati za magurudumu hushika kutu zikawa kitu kimoja na bolti zake. Zifungue zote nyumbani, zisafishe kwa brashi ya waya, uzirudishe. Ukisubiri upate pancha jua kali katikati ya Manyoni na Ikungi ndipo ugundue kuwa spana yako haizitoi, utakaa hapo mpaka dereva wa lori akuhurumie. Vichwa vya betri navyo visafishwe. Mafuta ya breki yabadilishwe kama yamepita miaka miwili, kwa sababu hunyonya unyevu, na yenye unyevu huchemka breki zikipata moto. Likitokea hilo mteremkoni, unakanyaga breki na mguu unazama mpaka chini bila gari kusimama.

Boti za abiria za kasi huvuka hadi Dar kwa muda wa kama saa mbili lakini hazichukui magari. Gari huenda kwa meli yenye mlango wa magari, kwa hiyo ulizia bandarini Malindi mapema ratiba ya meli hiyo na siku ya kupakia. Kabla hujalipakia, hakikisha mambo mawili kwa maandishi: kibali cha gari lenye namba ya Z kukaa Bara, ambacho utakiulizia Mamlaka ya Mapato (TRA), na kwamba bima yako inafanya kazi Bara kwa aina ileile uliyokatia. Ndani ya gari ziwemo pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa zimamoto usiopitwa na tarehe na kisanduku cha huduma ya kwanza. Trafiki wa barabara kuu huviulizia. Usisahau lita kumi za maji, jeki iliyojaribiwa, waya wa kuwashia betri na tochi ya kuvaa kichwani, kwani uko peke yako na hakuna wa kukushikia tochi.

Mafuta yahesabu mapema. Gari la cc 1500 linalokwenda kilomita 13 kwa lita litakula karibu lita 90 kwa kwenda tu. Ukiwa peke yako, jaza kila tangi likifika nusu: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega. Bei kikomo za mafuta za Bara hutangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya mwezi. Safari ikiangukia hapo, itazame bei mpya kabla ya kufunga bajeti.

Sasa barabara. Igawe siku tatu, na usikubali kushawishiwa kwamba vijana huimaliza kwa siku moja. Siku ya kwanza ni Dar hadi Dodoma, kama kilomita 450. Zinaonekana chache, ila kutoka Kibaha hadi Chalinze na hadi Morogoro utakuwa nyuma ya malori, kwa hiyo weka saa nane. Siku ya pili ni Dodoma hadi Nzega kupitia Manyoni na Singida, kama kilomita 440. Siku ya tatu, Nzega hadi Mwanza kupitia Tinde na Shinyanga, unafika kabla ya adhuhuri. Ondoka saa 12 asubuhi kila siku. Njia kwa jumla inaelekea magharibi na kaskazini magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni. Kuanzia saa 10 alasiri linakupiga usoni kiasi cha kutomwona mtu wa baiskeli, na saa hiyo uwe umeshaegesha.

Penye kibao cha 50 nenda 50, na uendelee hivyo mpaka ukione kibao cha kumaliza. Vijiji vya njia ya Dodoma na Singida ni virefu, trafiki wenye tochi ya kupimia mwendo hukaa mwishoni ambapo dereva ameshachoka kuvumilia, na kosa moja ni shilingi 30,000.

Sehemu ya kuheshimiwa ni mteremko wa Sekenke, kati ya Misigiri na Shelui, pale barabara inaposhuka kutoka nyanda za Singida kwenda bonde la Wembere. Weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka, usingoje uwe katikati. Kwenye gari la otomatiki hiyo ni 2 au L. Acha injini ishike gari, na breki uiguse kwa vipindi: kanyaga, punguza mwendo, achia. Ukinusa harufu ya kuungua, tafuta pahali papana usimame, na usimwagie maji magurudumu. Gari likichemka wakati wa kupanda, zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho ili ivute joto la injini, kisha egesha. Mfuniko wa rejeta usiufungue mpaka uweze kuushika kwa mkono mtupu bila kuungua. Hiyo ni nusu saa au zaidi, na haina njia ya mkato.

Ukiona matawi mabichi yamepangwa barabarani, punguza mwendo mara moja. Mbele kuna lori limeharibika, na pengine halina taa. Hii ni sababu moja ya kutoendesha usiku. Nyingine ni ng'ombe wa Singida na Shinyanga.

Lililo kubwa kuliko yote ni usingizi. Mtu aliyeamka saa 11 alfajiri na bado yuko kwenye usukani saa 4 usiku amekesha saa 17, na wepesi wake umeshuka kufikia wa mtu mwenye ulevi wa asilimia 0.05 kwenye damu. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kusinzia sekunde nne ni kwenda zaidi ya mita 110 bila dereva. Ukiwa na mwenzako atakuona kichwa kinaanguka. Peke yako, dalili lazima uzisake mwenyewe: hukumbuki kijiji ulichopita, unagusa mstari wa pembeni, unapiga miayo mfululizo. Redio na dirisha wazi havisaidii. Kinachosaidia ni kusimama kila baada ya saa mbili, na ikizidi, kunywa kahawa kisha ulale dakika 20 hapohapo garini milango ikiwa imefungwa, maana kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Aliye safarini ameruhusiwa kupunguza na kukusanya swala, basi kituo cha adhuhuri na alasiri kifanye ndicho cha mapumziko marefu: tawadha, swali, nyoosha mgongo. Maji kunywa lita mbili mpaka tatu kwa siku. Madereva wengi hujinyima ili wasisimame kwenda msalani, wakafika na kichwa kinachogonga siku mbili. Wali au ugali wa kushiba weka jioni. Mchana mayai, ndizi na karanga vinatosha.

Mtu mmoja nyumbani awe na namba ya gari, jina la gesti ya kila usiku na saa unayotarajia kufika. Mkubaliane: zikipita saa mbili baada ya muda huo hujapiga simu, aanze kupiga yeye.

Fika Mwanza siku moja kamili kabla ya kozi. Usukani wa siku tatu huacha ganzi ya vidole na mabega yaliyokaza, na bunduki ya kilo tatu au nne huonyesha hilo papo hapo: kilengeo kinatetemeka, mtu anaanza kukivuta kifyatulio kwa nguvu akidhani shabaha inamponyoka. Siku hiyo tembea, lala, na ujue jicho lako lenye nguvu. Nyoosha mikono mbele, acha tundu dogo kati ya viganja, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili. Funga jicho moja. Kitu kikibaki, jicho lililo wazi ndilo lenye nguvu. Mwambie mkufunzi mapema, hasa kama ni la kushoto na wewe unatumia mkono wa kulia.

Mavazi yana maana yake. Ganda la risasi linalotoka ni la moto na hupenda kuingia shingoni, kwa hiyo vaa shati la kola lililofungwa, kofia yenye ukingo, miwani ya kukinga macho na viatu vilivyofunika mguu. Wanawake wachague mtandio wa pamba, uchomekwe ndani ya shati. Wa nailoni huyeyukia kwenye ngozi. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na masikio yakiharibika hayarudi. Vaa vizibo vya sponji na juu yake vifuniko vya masikio. Kizibo kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, kiingize, ukishikilie kama sekunde 30 kitanuke. Kikionekana chote kwa mbele, hakijaingia.

Yaliyobaki utafundishwa, lakini yaende nawe kichwani: kila bunduki ina risasi mpaka uikague mwenyewe, mdomo wake usielekee usichokusudia kukipiga, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka kilengeo kiwe kwenye shabaha, jua kilicho nyuma ya shabaha. Ukifyatua na isilie, mdomo ubaki kwenye shabaha kwa sekunde 30, usiifungue, inua mkono usioshika bunduki umwite mkufunzi. Kuna risasi huchelewa kulipuka.

Vumbi linalotoka bunduki ikilia lina madini ya risasi (lead), nayo ni sumu. Usile wala usivute sigara uwanjani. Osha mikono na uso kwa sabuni na maji baridi, nguo za uwanjani zifue peke yake, na viatu vyake vifunge kwenye mfuko kabla ya kuviweka garini, maana ndani ya gari hilo utakula na kulala siku tatu za kurudi.

Kurudi nako kusiwe siku ileile ya mtihani. Kabla ya kuondoka, geuza mifuko yote nje, kung'uta pindo la suruali, kagua begi na chini ya viti. Silaha na risasi zote ni za chuo na zinabaki chuoni. Ganda tupu moja lililojificha kwenye soksi linatosha kukuweka chumba cha ukaguzi bandarini Dar ukijieleza huku meli inang'oa nanga na gari lako limo ndani.